Alimpa, hakumpa: kwa nini watu wawili wakweli wanaweza kubishana mchana kutwa

#1 Katibu Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Nimekuwa katibu wa baraza la kata kwa miaka tisa huku mkoa wa Tanga, enzi zile baraza bado linaamua kesi za ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. (Sheria ilibadilishwa 2021. Siku hizi kwenye ardhi baraza linasuluhisha tu, halihukumu.) Wajumbe ndio walioamua, mimi nilikuwa na daftari na kalamu, naandika nani kasema nini. Na nawaambia, kiti cha mwandishi kinaonyesha mambo ambayo mwenyekiti hayaoni. Mwenyekiti anahangaika kujua nani mkweli. Mwandishi anahangaika kupata neno la kuandika, na mara nyingi kalamu inakwama kwa sababu anagundua kuwa watu wameongea saa nzima na bado hajui kimesemwa nini.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mjomba na mpwa wake.

Mjomba alifungua shauri kwamba mpwa kavamia shamba. Ni ekari mbili na kitu, minazi mizee pembeni, katikati palikuwa pori. Mpwa alilima mihogo misimu mitatu, hakuna aliyesema neno. Mwaka wa nne akapanda mikorosho. Hapo mjomba akaja juu.

Wanaojua mila za huku wameshaelewa. Mtu akiazimwa ardhi anapanda mihogo, mahindi, mbaazi, anavuna, anaondoka. Mti wa kudumu ni habari nyingine kabisa. Ukichimbia mkorosho kwenye ardhi ya mtu ni kama umeweka sahihi yako. Tena huku pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti: unamkuta mtu ana minazi sita ndani ya shamba la jirani, na kila mmoja anajua. Kwa hiyo mikorosho ile haikuwa mikorosho tu.

Basi mwenyekiti akaanza.

"Mzee, shamba ulimpa, hukumpa?"

"Nilimpa."

"Kijana, alikupa?"

"Alinipa. Mbele ya watu."

Wakaitwa mashahidi wanne, wawili wa kila upande. Wote wakasema alimpa. Kijana akawageukia watu waliojaa mlangoni: "Si mnasikia wenyewe?" Mjomba naye akawageukia watu wale wale: "Si mnasikia wenyewe?" Kila mmoja anaona ameshashinda na mwenzake ni mtu mgumu asiyesikia hata ushahidi wake mwenyewe. Tulianza saa tatu asubuhi. Adhuhuri inaadhiniwa bado tuko pale pale, sauti zimepanda, shangazi mmoja analia, na mimi kwenye daftari nimeandika "alimpa" mara kumi na kitu.

Sheria ilitaka wajumbe wawe kati ya wanne na wanane, na wanawake wasipungue watatu. Mmoja wa wale akina mama alikuwa hajasema chochote tangu asubuhi. Akamwambia kijana: "Mwanangu, usiniambie alikupa. Siku ile alifungua kinywa akatamka maneno gani?"

Kijana akafikiri. "Alisema, 'Haya, lima humo. Mambo yako yakikaa sawa tutaonana.'"

Yule mama akamgeukia mzee. "Ndivyo?"

"Ndivyo hivyo hivyo."

Wakuu, "tutaonana"! Mzee alimaanisha ukishajiweza tutakaa, urudishe shamba langu. Kijana alisikia ile "tutaonana" ya mjini, ile ya ukishapata hela usinisahau mjomba wako. Na kweli, msimu wa tatu alimpelekea mjomba gunia la mihogo mikavu na elfu hamsini. Mzee akapokea kama shukrani ya mwazimwaji. Kijana akatoa kama malipo ya mnunuzi. Miaka minne wameishi hivyo, wanasalimiana, wanazikana, kila mmoja ndani ya mkataba wake.

Kumbe swali halikuwa kama alimpa au hakumpa. Hilo hakuna aliyelibishia tangu asubuhi. Swali lilikuwa kumpa kwa namna gani, na swali hilo hakuna aliyeliuliza, kwa sababu kila mmoja alidhani jibu lake limo ndani ya neno "kumpa" lenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Ardhi ya mjomba, miti ya mpwa, hapakuwa na mlevi wala mbishi. Nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri: "Pande zote mbili zimekubaliana kijana aendelee na mikorosho yake." Wakaweka dole gumba. Nikafunga daftari nikajiona bingwa.

Tangu siku ile nikaanza kuwategea watu masikio. Sio barazani tu, hata kwenye daladala na kijiweni. Nitaje mawili tu.

La kwanza ni "ndiyo". Shahidi mmoja mzee aliulizwa: "Wewe hela hukumpa?" Akajibu: "Ndiyo." Nikaandika kwamba shahidi anakiri alitoa hela. Ukurasa wa pili anasema hajawahi kutoa senti, mwenyekiti akamkaripia kwamba anageuka. Mzee wa watu hakugeuka. Kwake "ndiyo" ni kusema ni kama ulivyosema, sikumpa. Shahidi aliyemfuata, kijana aliyepita sekondari, akaulizwa vilevile akajibu "hapana", naye akimaanisha sikumpa. Benchi moja, swali moja, mmoja ndiyo mwingine hapana, na wote wamesema kitu kimoja! Nilichana ukurasa mzima. Tangu hapo mtu akiniambia ndiyo simwandikii ndiyo, namwomba amalizie sentensi.

La pili ni usiku. Mbuzi aliibwa. Mlalamikaji anasema Alhamisi usiku, shahidi wake anasema usiku wa Ijumaa. Upande wa pili wakaruka: mashahidi wanapingana, shauri lifutwe! Kwa waliolelewa chuoni, yaani madrasa, siku inaingia jua likizama, kwa hiyo Alhamisi ikishafika magharibi huo ni usiku wa Ijumaa. Usiku ni ule ule mmoja. Magazeti yetu sijui nani aliwafundisha, ila wanaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" na hapo hakuna wa kubishana.

Sasa nikajiuliza, mbona hatustuki mapema? Mbona tunakwenda mpaka adhuhuri?

Mpwa wangu mmoja anayesoma chuo alinipa vitu viwili ambavyo vimekaa kichwani. Cha kwanza, mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers, wa taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, Uholanzi, walipima katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia muda unaopita kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu. Wastani ulikuwa kama moja ya tano ya sekunde. Na kuandaa hata neno moja tu kichwani mpaka litoke mdomoni huchukua zaidi ya nusu sekunde. Pigeni hesabu wenyewe. Ina maana tunaanza kupika jibu wakati mwenzetu bado anaongea. Tunajibu kile tulichodhani anakwenda kusema.

Cha pili, mwaka 1990 Elizabeth Newton, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaweka watu wagonge mezani mdundo wa nyimbo ambazo kila mtu anazijua, wenzao wabahatishe ni wimbo gani. Wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo wote kichwani mwake, na ala zake na maneno yake. Mwenzake anasikia ko-ko-ko-ko. Mjomba aliposema "tutaonana" alikuwa na wimbo mzima kichwani.

Nawasilisha. Karibuni mseme yenu.

#2 Fundi Nyaya

Hahaha mkuu umenikumbusha bosi wangu mhandisi wa kutoka Ulaya. Nilikuwa natoka saiti kwenda kuchukua nyaya, nikamwambia "nakuja". Alikuwa anajifunza Kiswahili. Akanitazama naondoka, mgongo huu, akasema "hapana, wewe unaenda". Nikamwambia ndiyo, nakuja. Tulibishana dakika tano mimi nikiwa nimeshika mlango.

#3 Mpangaji Sugu

Uzi mzuri ila mkuu umetupaka mafuta kidogo. Unafanya kama ubishi wote ni bahati mbaya, maskini watu wema wawili wamekosea neno. Wewe umekaa na wajomba. Mimi nimekaa na wenye nyumba.

Mwezi wa kumi na moja mwenye nyumba wangu kaniambia mbele ya mke wangu, "Usiwe na wasiwasi, kodi mwaka huu haipandi." Nikafurahi, nikapaka chumba rangi kwa hela yangu. Januari kapandisha elfu thelathini. Nikamwambia si ulisema? "Nilisema mwaka huu. Mwaka huu si umeisha?" Na akacheka.

Sasa niambie, hapo nako tunaita kutoelewana? Alijua nilichosikia. Aliniacha nisikie vile. Ukimwambia mtu kama yule "nadhani hatukuelewana" umemsafishia njia. Wanyonge ndio huambiwa kila siku kwamba hawakuelewa vizuri.

#4 Katibu Mstaafu

Mkuu #3, hapo umenikaba na sina pa kutokea. Ni kweli. Nimeona barazani mtu anamwekea mwenzake neno lenye milango miwili makusudi, kisha siku ya siku anatokea mlango wa nyuma.

Ila kuna kitu nilikuja kukitambua baada ya muda. Wale wawili wa shamba, swali lao lilipojulikana walisimama pale pale. Hawakupenda, lakini walisimama. Mjanja hasimami. Yule mtuhumiwa wa kesi ya mbuzi niliyoitaja aliulizwa kama alimchukua mbuzi, akasema kamba ilikuwa imekatika. Akaulizwa habari za kamba, akasema mbuzi mwenyewe alikuwa mkonde. Akaulizwa umejuaje kama mkonde, akasema mlalamikaji ana chuki na ukoo wao tangu enzi za babu. Kila ukilifikia swali, yeye ameshahamia la mbele. Mwenye nyumba wako ningemuuliza: siku ile, mwezi wa kumi na moja, ulitaka mpangaji wako aelewe nini? Angehama tu, nina hakika. Angeanza kukueleza bei ya saruji.

Lakini sikatai. Kujua kwamba anahama hakurudishi elfu thelathini zako.

#5 Mpangaji Sugu

Nilihama mimi. Rangi nikamwachia.

#6 Mama Wawili

Katibu, huko kwenye ardhi ni rahisi maana kuna shamba la kuonyesha kidole. Njoo huku kwenye nyumba.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea wiki mbili. Siku ya nne nikapika samaki wa nazi. Akaonja, akasema: "Leo mchuzi umekolea." Basi. Maneno matatu. Usiku mimi na baba watoto hatukulala. Mimi nasema mama yako kanisema, yeye anasema mama kakusifia. Akarudia sentensi neno kwa neno kama hakimu: "Leo. Mchuzi. Umekolea. Tusi liko wapi?" Nikamwambia liko kwenye "leo". Kama ni leo, basi jana, juzi na siku ile ya kwanza ulikuwaje?

Yeye anabishia maneno. Mimi nabishia kuja kwa mama yake jikoni kila asubuhi kufunua sufuria. Mpaka leo anaamini alishinda ule mjadala.

#7 Mwalimu wa Zamu

Dada Mama Wawili, kuna Mjerumani, Friedemann Schulz von Thun, mwaka 1981 alieleza jambo hilo hilo. Anasema kila tunachosema kina pande nne, na msikilizaji ana masikio manne. Sikio moja linapokea habari yenyewe: mchuzi umekolea. La pili linapokea hali ya msemaji: nimefurahi, nilikuwa na njaa. La tatu linapokea uhusiano: mimi ndiye mwenye kukupima wewe. La nne linapokea ombi: endelea kupika hivi. Mumeo alisikiliza kwa sikio la kwanza, wewe la tatu. Wote mna masikio mazuri.

#8 Mama Wawili

Mwalimu asante, ila nikimwambia nina sikio la tatu atasema twende hospitali.

#9 Mtaa wa Nairobi

Niaje wadau. Mimi ni Mkenya, niongeze yangu. Mara ya kwanza kuja Dar niliketi kwa mama ntilie nikasema, sauti ya kawaida kabisa, "Nipe chai na chapati mbili." Mama akanitazama kutoka juu mpaka chini. Chai ikaja baada ya watu wanne waliofika nyuma yangu. Jirani akanitonya: hapa husema "naomba".

Shida ni kwamba kwangu mimi nilipolelewa, "naomba" ni ya mtu asiye na pesa. Mimi nina pesa, naomba kwa nini? Nilidhani kuongea moja kwa moja ni heshima, simchezeshi mtu, simpotezei wakati. Yeye alisikia mtu aliyetoka mbali kuja kumwamrisha kwenye kibanda chake. Na hatukubishana hata! Huo ndio ubishi mbaya zaidi, ule hausemwi. Nilirudi nyumbani nikawaambia watu Wabongo wana maringo, na yeye bila shaka aliwaambia watu Wakenya hawana adabu.

Siku hizi nasema "naomba" mpaka kwa kondakta wa matatu. Ananiuliza kama niko sawa.

#10 Katibu Mstaafu

Mkuu #9, hilo la ubishi usiosemwa sikuwa nimelifikiria. Barazani walikuja waliosema tu. Wangapi wamekufa na chai yao ikiwa imechelewa, hata sijui.

#11 Kijani na Njano

Mmeandika weee, ila kuna ubishi hauhitaji baraza wala masikio manne. Yanga ni kubwa kuliko Simba. Tumezaliwa 1935, wao 1936. Mataji ya ligi tunayo mengi kuliko klabu yoyote nchi hii. Mwisho.

#12 Mnyama Mkali

Mkubwa wa wapi, wa Jangwani? Nusu fainali ya klabu bingwa Afrika tulicheza 1974. Fainali ya Kombe la CAF 1993. Mwaka 2003 tulimtoa Zamalek akiwa bingwa mtetezi, kwao Misri. Ninyi fainali ya Afrika mmeijua 2023.

#13 Kijani na Njano

Hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa nani alitangulia kuikanyaga kutoka Tanzania? 1998, andika chini. Halafu usikimbie, nimekuuliza mataji ya ligi.

#14 Mnyama Mkali

Mimi naongelea Afrika, wewe unaniletea ligi.

#15 Kijani na Njano

Mimi naongelea ukubwa, wewe unaniletea safari za ndege. Fainali mmecheza 1993, mkafungwa. Mmecheza 2025 na Berkane, mkafungwa.

#16 Mnyama Mkali

Na ninyi ya 2023 na USM Alger mlishinda?

#17 Katibu Mstaafu

Wakuu, mnaona lakini? Mmoja anajibu nani ana makombe mengi kabatini. Mwingine anajibu nani kafika mbali nje ya mipaka. Neno "kubwa" limebeba yote mawili na bado lina nafasi ya wingi wa mashabiki.

#18 Kijani na Njano

Kwa hiyo katibu umekubali kabatini tunaongoza.

#19 Mnyama Mkali

Kwa hiyo katibu umekubali nje tunaongoza.

#20 Katibu Mstaafu

Sijakubali kitu mimi!

#21 Fundi Nyaya

Katibu ni Coastal Union huyo, anakaa Tanga. Mwacheni, hao ubingwa wao ni wa 1988.

#22 Bint Pwani

Nimesoma uzi wote nikiwa foleni ya benki, asanteni kwa kunipitishia muda. Swali kwa mleta uzi: sasa dawa? Maana umetueleza ugonjwa vizuri. Ukiwa nyumbani, mtu kapandisha sauti, unafanyaje?

#23 Katibu Mstaafu

Binti yangu, nikuambie ukweli. Nilijaribu kuifanya ile ya yule mama mjumbe. Kabla ya kujibu, namrudishia mtu maneno yake: unasema hivi na hivi, sivyo? Mpaka akubali kwamba ndicho alichosema. Kwa majirani inafaa. Kazini inafaa sana, hasa kwa mambo ya hela na tarehe. Nilishamsaidia jamaa aliyegombana na fundi seremala wake kwa sababu mmoja alisema "kitanda cha tano kwa sita" akimaanisha godoro na mwingine akimaanisha mbao za nje.

Nyumbani kwangu nilijaribu mara moja. Mke wangu alikuwa ananilalamikia kwamba kila Jumamosi nakwenda kwa rafiki zangu. Nikamwangalia vizuri, nikasema kwa upole: "Kwa hiyo unachosema ni kwamba Jumamosi zote nne za mwezi ninakuwa sipo, sivyo?" Akanyamaza. Nikajua imefanya kazi. Kisha akasema: "Hapa si barazani, na mimi si mdaiwa wako." Akaingia ndani.

Nilikaa ukumbini muda mrefu. Alikuwa hataki nielewe maneno yake. Aliyajua maneno yake, ameyasema mwenyewe. Alitaka Jumamosi ile nisiende. Nikavua viatu, nikaenda kumenya vitunguu. Hatukuzungumza, na vitunguu vilinitoa machozi kwa hiyo akacheka.

Hapo sijui niite dawa gani.

#24 Mama Wawili

Iite vitunguu. Baba watoto nimemtumia uzi huu asome #23 tu, asisome yangu.

#25 Mjukuu wa Mkulima

Samahani nimechelewa. Mimi nina wasiwasi kidogo na hadithi ya shamba, imenyooka mno, naona kama ni chai. Watu wamegombana miaka, mama mmoja anauliza swali moja, wote wanapeana mikono? Kwetu Muheza kesi ya shamba haiishi hivyo.

#26 Fundi Nyaya

Hata mimi nilitaka kuuliza. Hao mjomba na mpwa waliishiaje? Bado wanaelewana?

#27 Katibu Mstaafu

Mkuu #25, kumbe una jicho. Nilikuwa sitaki kufika huku, lakini mmeuliza.

Kupeana mikono walipeana, hiyo sikudanganya. Wakaishi vizuri. Mikorosho ikakua, ikaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na bei ya korosho ile miaka ilikuwa nzuri. Mpwa akapanua kidogo, mjomba hakusema kitu, alikuwa ameshazeeka. Mwaka juzi mjomba akafariki. Nilikwenda kuzika. Mpwa ndiye aliyeshika jeneza mbele.

Arobaini ilipopita watoto wa marehemu wakataka kugawana mali. Wamefika kwenye lile shamba, wanasema ardhi ni ya baba yao, mpwa achume korosho za msimu uliopo kisha aondoke, maana alikubaliwa na baba, na baba hayupo tena. Mpwa anasema alikubaliwa mbele ya baraza, na kipo kwa maandishi, na miti ikifa atapanda mingine pale pale kwa sababu ni mikorosho yake. Watoto wakasema sawa, tuyaone hayo maandishi. Wakaenda ofisi ya kata wakatafuta daftari la zamani, wakalipata, wakalifungua. Wote wanasoma sentensi moja, mwandiko wangu ule mzuri:

"Pande zote mbili zimekubaliana kijana aendelee na mikorosho yake."

Aendelee mpaka lini? Mikorosho ipi, ile iliyokuwepo siku ile au hata aliyoongeza? Kijana peke yake au na watoto wake? Sikuandika. Siku ile kila mtu mle ndani alikuwa anajua, mpaka mimi nilikuwa najua.

Juzi Jumanne alinipigia simu mtoto mkubwa wa marehemu. Nusu saa baadaye akanipiga mpwa. Wote wawili wananiita mzee wetu, wote wawili kwa heshima kabisa, na wote wawili wanataka nije nieleze kwamba nilimaanisha wanachosema wao.